Dhahabu, pungate na vumbi: matembezi ya Oktoba katika vilima vya Arizona

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Phoenix, na nilikulia Geita ambako baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo. Joto likipungua mwezi wa Oktoba tunataka kwenda vilimani pamoja na mama mkwe wangu, tutafute dhahabu kidogo kwa karai na kuchuma chakula cha porini kama tulivyozoea nyumbani. Je, inaruhusiwa? Tuanzie wapi, tuchume nini na tuogope nini?

JIBU: Mama, inaruhusiwa, nami nawashauri mwende. Kipindi cha kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba ndicho bora kuliko vyote kwa shughuli hizi mbili katika jangwa la Sonora na vilima vinavyolizunguka. Mvua za kiangazi, ambazo watabiri wa hali ya hewa huzihesabu kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, huwa zimekwisha. Mafuriko yake yamepindua changarawe za makorongo na kuleta nyingine mpya kutoka juu. Na sehemu kubwa ya chakula cha porini imeiva. Ila yale uliyojifunza Geita yatakufikisha nusu ya njia tu. Nusu iliyobaki inahusu kile ambacho mvua hizo huacha ndani ya udongo na juu ya udongo, na kwa kuwa umewataja watoto na mtu mzima, nitakaa sana juu ya jambo hilo, kwa sababu naliona kubwa kuliko nyoka na kubwa kuliko joto.

Kwanza, ardhi ni ya nani. Tanzania madini yote ni mali ya Jamhuri, na hata mchimbaji mdogo huhitaji leseni. Marekani bado inatumia sheria ya madini ya mwaka 1872, na kwenye ardhi ya serikali kuu iliyo wazi mtu anaweza kutafuta dhahabu kwa karai, beleshi na zana nyingine za mkono bila leseni, mradi asiharibu mahali. Ardhi hiyo husimamiwa zaidi na BLM, yaani ofisi ya serikali kuu ya usimamizi wa ardhi, na Idara ya Misitu. Taabu ni kwamba makorongo yenye sifa yamekwisha kuchukuliwa: mtu akishasajili kiwanja cha madini, dhahabu iliyomo ni yake, na kuchota changarawe humo bila idhini yake ni wizi hata kama hakuna uzio. Rich Hill, kilima kilicho kaskazini ya Wickenburg ambako mwaka 1863 watafutaji waliokota vipande vya dhahabu juu kabisa ya kilele, ni mfano mzuri wa mahali ambapo kila mtu angependa kwenda na ambapo karibu kila hatua ina mwenyewe. Rekodi za viwanja zinapatikana kwenye mfumo wa BLM katika intaneti bila malipo, na ukifika uwanjani angalia nguzo za mipaka.

Kuna ardhi tatu ambazo msiziguse kabisa kwa karai. Ardhi ya udhamini ya jimbo la Arizona ina kibali chake cha matembezi, lakini kibali hicho hakikupi haki ya kuchimba wala kuondoka na madini. Hifadhi za taifa, kama ile ya Saguaro pembeni mwa Tucson, haziruhusu hata jiwe. Nchi za mataifa asilia, yaani Watohono O'odham, Waapache, Wanavajo na wengineo, zina serikali zao, na mgeni huingia kwa idhini yao. Vilevile watoto wakiona vigae vya vyungu au vichwa vya mishale, waviangalie na kuviacha vilipo. Sheria ya mwaka 1979 inalinda vitu hivyo katika ardhi yote ya serikali kuu na ya mataifa asilia, na adhabu yake ni nzito.

Kwa familia inayoanza, ningechagua Lynx Creek, kijito kilicho karibu na mji wa Prescott, mwendo wa kama kilomita 160 kutoka Phoenix. Dhahabu yake imejulikana tangu msafara wa Joseph Walker ulipofika katika milima ya Bradshaw mwaka 1863, na ni miongoni mwa vijito vilivyotoa dhahabu nyingi ya mchangani katika jimbo zima. Msitu wa Taifa wa Prescott umetenga sehemu yake kwa ajili ya watu wanaojifurahisha kwa karai, bila kiwanja wala ada ya madini, kwa masharti kuhusu zana na mipaka. Pigieni simu ofisi ya msitu wiki hiyohiyo mnayokwenda, kwa sababu njia hufungwa kwa moto au kwa mafuriko. Sababu nyingine ya kuichagua Lynx Creek ni urefu wake kutoka usawa wa bahari: huko juu, penye misonobari, hatari ninayotaka kuieleza sasa ni ndogo kuliko katika nyanda za chini za Phoenix na Tucson.

Hatari hiyo imo katika vumbi. Udongo wa jangwa hili una kuvu iitwayo Coccidioides. Mvua za kiangazi huikuza ardhini. Udongo ukikauka, nyuzi zake hukatika na kuwa chembe zisizoonekana kwa macho, ambazo beleshi, upepo au tairi la gari huzirusha hewani, na mtu huzivuta hadi mapafuni. Ugonjwa wenyewe watu wa huko huuita Valley fever, homa ya bonde, na likariri jina hilo kama lilivyo kwa sababu utalihitaji mbele ya daktari. Hauambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu, na zaidi ya nusu ya wanaoupata hawaoni dalili yoyote. Lakini kwa wachache hutoka mapafuni na kusambaa hadi kwenye ngozi, mifupa na utando wa ubongo, na imethibitika kwamba watu wenye asili ya Afrika, pamoja na Wafilipino, hupatwa na aina hiyo nzito mara nyingi zaidi kuliko wengine. Wajawazito, wenye kisukari na wote ambao kinga ya mwili imepungua, kwa maradhi au kwa dawa, wamo katika kundi hilohilo. Kama mama mkwe wako ana kisukari, nashauri akae kivulini mbali na mahali mnapochota, na kazi yake iwe ile ya matunda.

Kwa sababu hiyo siwashauri kugusa mashine ya kupepetea udongo mkavu, ambayo mtaiona kila mahali kwenye makorongo ya chini. Inafanya kazi yake vizuri mahali pasipo na maji, kwa kupuliza mchanga mwepesi na kubakiza mzito, lakini hupuliza vumbi siku nzima usoni mwa mwenye kuiendesha. Njia ya maji, hata kama maji ni ya kubeba, ni salama zaidi na kwa mtu mwenye mikono ya Geita ni rahisi pia. Nendeni siku isiyo na upepo. Nyunyizieni maji mahali kabla ya kupagusa. Simameni upande upepo unakotoka. Na mwenye kuchota avae barakoa ya N95 iliyobana uso, kwa sababu kitambaa hakizuii chembe ndogo kiasi hicho. Barakoa hupunguza hatari na haiiondoi. Jioni nguo zisikung'utwe ndani ya gari wala sebuleni. Ziingie kwenye mfuko, kisha moja kwa moja kwenye mashine ya kufulia.

Baada ya wiki 1 hadi 3, mmoja wenu akipata homa, kikohozi kisichopona, uchovu mwingi, maumivu ya viungo au jasho la usiku, nendeni kliniki na mseme wazi kwamba mlikuwa mnachota udongo jangwani. Dalili hizo zinafanana mno na nimonia na kifua kikuu, na daktari akisikia kwamba mgonjwa ametoka Tanzania au Kongo huenda akaanza na kifua kikuu. Apime, ni haki yake, lakini mwombeni apime damu kwa ajili ya Valley fever siku hiyohiyo, maana dawa za kawaida za bakteria haziui kuvu.

Sasa dhahabu yenyewe. Kwenye mto unaotiririka mwaka mzima, maji hupanga vitu kwa uzito pole pole, na mtu hujua kwamba dhahabu iko chini kabisa, juu ya mwamba. Korongo la jangwani hukaa kavu kwa miezi, kisha mafuriko ya saa moja hushuka yakiwa yamebeba mawe, mchanga na maji kwa pamoja, mazito kama zege mbichi, na kusimama ghafla. Kwa hiyo dhahabu hubaki katika matabaka zaidi ya moja. Aghalabu tabaka zuri hukaa juu ya caliche, yaani ule udongo mweupe ulioshikamana kwa chokaa hadi ukawa mgumu kama mwamba. Mchimbaji anayeivunja akidhani kuna kitu chini yake mara nyingi hupoteza siku. Tazameni upande wa ndani wa kona, nyuma ya mawe makubwa yasiyosogezwa na mafuriko, na zaidi ya yote kwenye nyufa za mwamba zinazokata njia ya maji. Ufa wenye upana wa kidole, uliojaa udongo mgumu na vijimawe vyeusi, una thamani kuliko shimo la kufika kiunoni, na kuusafisha hakurushi vumbi jingi.

Kwa kazi hiyo chukueni bisibisi ndefu, kijiko cha zamani, brashi ngumu, chekeche lenye matundu ya kama milimita 6, ndoo mbili na karai la plastiki lenye mifereji ubavuni. Lowesheni ufa, chokonoeni hadi mwamba uwe mtupu, kwa sababu punje nzito huwa chini kabisa, chekecheni, kisha mwoshe papo hapo kama kijito kina maji, au mfunge ndoo na kuosha nyumbani juu ya beseni. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji huzuia unga mwembamba wa dhahabu kuelea. Mchanga mweusi utakaobaki ni magnetaiti kwa sehemu kubwa. Ukikauka, mwingi wake hunaswa na sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Mwisho wa kuosha ndipo watoto hupiga kelele, na aghalabu hupiga kelele kwa sababu ya maika. Mfundishe mtoto kuweka kivuli cha mkono wake juu ya karai. Maika hung'aa juani na kuzimika kivulini, na huinuka na kuogelea kila maji yanapotikisika. Dhahabu hubaki na rangi ileile kivulini, nayo hujivuta nyuma ya mchanga mweusi, ya mwisho kusogea. Kukiwa na shaka, bonyeza punje kwa ncha ya sindano: pairiti, madini ya manjano yanayofanana na dhahabu, hupasuka vipande, dhahabu hubonyea. Mkipata punje yenye rangi ya fedha inayonata, msiichome moto. Wachimbaji wa karne ya 19 walitumia zebaki katika vilima hivi, na mabaki yake bado yamo kwenye makorongo ya zamani. Wewe uliyekulia Geita unajua moshi wake unafanya nini. Ifungeni kwenye chupa, na mwulize ofisi ya taka hatari ya kaunti namna ya kuikabidhi.

Msitegemee kipato. Familia iliyofanya kazi vizuri siku nzima hurudi na vipunje vichache vya kutia ndani ya chupa ndogo, na mara nyingine bila kitu. Kikapu cha chakula kina uhakika zaidi, na huko nako mvua zimeacha mambo yake.

Pungate, yaani matunda ya dungusi bapa, ndizo za kuanzia. Mipungate ya vilimani huiva kuanzia Agosti, na katika miinuko bado mtakuta yenye rangi ya damu ya mzee hadi Oktoba. Shikeni tunda kwa koleo la jikoni na kulizungusha. Lililoiva huachia lenyewe bila kuvutwa. Miiba mikubwa haina shida kwa sababu inaonekana. Shida ni ile midogo kama vumbi la nywele, ambayo haiondoki kwa kuosha wala kwa glovu za kitambaa. Gandisheni matunda mazima kwenye friza kwa usiku mmoja, yayeyusheni ndani ya kitambaa kizito cha pamba kilichowekwa juu ya bakuli, na maji yatakayochuruzika kupitia kitambaa yatakuwa safi, tayari kwa sharubati au jemu. Mara ya kwanza kila mtu anywe kidogo, maana kuna watu ambao maji mabichi ya pungate huwasumbua mwili.

Dungusi la pipa, lile nene na la mviringo lenye kulabu, hutoa matunda ya manjano kichwani ambayo hayana vimiiba hata kimoja, ni machachu, na mbegu zake nyeusi hukaangwa. Mama mkwe anaweza kuyachuma akiwa amesimama. Ile habari ya kulipasua dungusi na kunywa maji yake msiifuate. Maji hayo huleta kutapika na kuhara, jambo baya zaidi linaloweza kumpata mtu mwenye kiu. Isitoshe kukata dungusi ni kosa kwa sheria ya mimea asilia ya Arizona.

Mkipanda nyanda za juu, kutoka Prescott kuelekea Flagstaff, mtafute misonobari mifupi ya pinyon. Mbegu zake huiva Septemba na Oktoba, lakini mti hauzai vizuri kila mwaka, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya safari ndefu. Msitu kwa msitu kuna kiwango cha matumizi ya nyumbani, na pengine kibali kinahitajika. Koni zake hutoa utomvu unaonata. Mafuta ya kupikia huuondoa mikononi kuliko sabuni. Mwageni mbegu kwenye maji: zinazoelea ni tupu. Kisha zikaangwe kwa moto mdogo. Msichukue mbegu kwenye ghala la panya hata kama zimejaa tele. Mwaka 1993, ugonjwa wa hantavirusi ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza mahali ambapo Arizona, New Mexico, Colorado na Utah hukutana, panya wa porini walikuwa wameongezeka sana baada ya mvua nyingi na mavuno mazuri ya pinyon, na virusi hivyo humwingia mtu kwa kuvuta vumbi la mkojo na kinyesi chao. Kwa sababu hiyohiyo msifagie wala kulala ndani ya vibanda vya zamani vya wachimbaji.

Mti mwingine mtautambua hata kwa harufu. Mesquite ya Arizona ni ndugu wa karibu wa mathenge, ule uliovamia Baringo nchini Kenya. Maganda yake ni matamu, yakisagwa hutoa unga mzuri wa uji na maandazi, na Watohono O'odham wameyala tangu kale. Hata hivyo wakati wake salama ni Juni, kabla ya mvua. Maganda mtakayoyakuta Oktoba yametapakaa chini yalilowa na kukauka tena, na huota kuvu inayotoa sumukuvu, ileile ya mahindi iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuoka hakuiondoi. Maganda ya chini yaacheni yote. Mti uliozaa mara ya pili mnaweza kuuchuma, endapo ganda bado liko mtini, ni kavu, halina doa jeusi na huvunjika kwa sauti.

Kuhusu mboga za majani nina neno zito, kwa sababu sisi tumezoea kuchuma mboga njiani. Mchicha pori hukua kwa wingi baada ya mvua, na ukiwa mchanga huliwa. Oktoba umekwisha kukomaa, na ule wa kando ya mashamba ya pamba umenyunyiziwa dawa. Hatari kubwa ni tumbaku mwitu, Nicotiana glauca, mti mdogo wa kwenye makorongo wenye majani mapana ya kijani cha kijivu, laini kama yaliyopakwa nta, na maua membamba ya manjano. Ukiwa mchanga unafanana na sukuma wiki kiasi cha kumdanganya mpishi mzoefu, na kupikwa hakuondoi sumu yake, inayolemaza misuli ya kupumulia. Kuna pia jamii ya ndulele yenye majani ya rangi ya fedha na vitunda vya manjano, na mnanaha wenye maua meupe makubwa. Vyote ni sumu. Shauri langu ni kwamba msichume jani lolote msimu huu wa kwanza. Mtu akila kitu cha mashaka, simu ya sumu ya nchi nzima ni 1-800-222-1222, na kuna wakalimani wa Kiswahili mkiomba.

Mengine ni mafupi. Bebeni lita 4 za maji kwa kila mtu, mbali na ya kuoshea mchanga. Mwanzoni mwa Oktoba joto la nyanda za chini bado laweza kupita nyuzi 38. Nyoka wenye njuga mkiani hutembea hadi Novemba, kwa hiyo msitie mkono nyuma ya jiwe mahali msipopaona; aliyeumwa akimbizwe hospitali, bila kuchanjwa, kunyonywa jeraha wala kufungwa kamba. Oktoba ni msimu wa wawindaji, basi watoto wavae rangi ya chungwa. Mashimo ya migodi ya zamani msiyaingie hata hatua moja: hewa yake yaweza kuwa haina oksijeni, na baruti iliyozeeka hulipuka kwa kuguswa. Mwezi wa Novemba jua la Phoenix hutua kama saa kumi na moja na nusu jioni, na kati ya vilima giza hutangulia. Saa tisa alasiri muwe mnafunga ndoo.

Siku nyingine, mkizoea, nendeni kusini ya Tucson kwenye vilima vya Tumacácori, ambako chiltepín, pilipili ya porini isiyozidi punje ya mbaazi, huiva nyekundu wakati huu chini ya vivuli vya miti mingine. Idara ya Misitu ilitenga eneo maalumu kuilinda mwaka 1999, hivyo pale ni pa kuangalia. Za kula zinauzwa Tucson, zimetoka jimbo la Sonora nchini Mexico, ng'ambo ya mpaka. Njia ya kurudi ina kituo cha askari wa mpaka ambacho husimamisha kila gari. Yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye hajawa raia anatakiwa kisheria kuwa na hati yake ya uhamiaji mkononi, na hata mama mkwe asisahau yake: hati halisi, si picha iliyomo kwenye simu.